Joto Lisilobisha Hodi

Julai, Ngara, saa nane za usiku.
Baridi imeingia hata kwenye kijiko cha sukari.
Ndani ya kompyuta ninachoma kidonge
kidogo kuliko punje ya mtama,
leza zinakipiga pande zote,
ganda lake linageuka plazma na kufumuka,
nami nimevaa soksi mbili mbili.

Swali langu ni dogo. Kamati ilisema ni dogo mno.
Mwanga wa leza hukwama njiani,
pale elektroni zinaposongamana
hata nuru ikakosa pa kupenyeza kidole.
Kutoka hapo hadi kwenye ganda lililo baridi,
nani hulibeba joto?
Na hulifikisha lini?

Mchana nilikuwa Kamukunji kwa Okumbe
kufuata jiko letu lililotoboka kitako.
Alikuwa ametia ncha ya nondo motoni,
ncha ya pili ameishika kwa mkono mtupu,
ananisimulia kesi ya shamba la mkwewe.
"Huungui?"
"Bado. Joto la chuma lina adabu.
Hubisha hodi nyumba kwa nyumba,
likaribishwe, likae kidogo, ndipo liage.
Saa yake naijua."
Na kweli, hakimu hajatamka hukumu,
akabadilisha mkono bila kuangalia.

Ndiyo sheria ya kitabuni:
joto huteremka kutoka penye moto kwenda penye baridi,
mteremko ukiwa mkali nalo huongeza mwendo,
na habari za mahali huulizwa papo hapo, kwa jirani.

Plazma haina adabu hiyo.
Elektroni nyingi humo hugongana, husukumana
kama foleni ya kitambulisho,
hazifiki mbali, hazibebi cha maana.
Mzigo wa joto wamebeba wachache,
wenye mbio mara tatu, mara nne ya wenzao,
na mwenye mbio hagusani na mtu:
kasi ikiongezeka maradufu,
safari bila kugongana hurefuka mara kumi na sita.
Hao hupita vizingiti vyote bila hodi
hadi chumba cha ndani,
wakaipashe haidrojeni moto kabla ya saa yake.
Na haidrojeni iliyopata moto mapema
hugoma kubanwa.
Isipobanwa, viini haviungani,
na jua tulilotaka kulitia chupani
linabaki kuwa hesabu.

Nilimpelekea Daktari Muthengi mlinganyo wangu,
ulikuwa ukitoa joto lisilo na wa kulibeba.
"Liwekee kikomo," akasema.
"Sifuri nukta sifuri sita ya mbio huru."
"Kwa nini sita?"
"Inakubaliana na majaribio."
"Na kwa nini inakubaliana?"
Akavua miwani, akaifuta kwa tai,
akaifuta tena.
"Hiyo sasa ni tasnifu yako."

Usiku huu nimeifuta ile sita.
Nimeandika kwamba joto la hapa linategemea kule,
kwamba kila nukta iziulize nukta zote,
za karibu, za mbali, zile isizoziona.
Kompyuta inahema. Tangu saa tatu
inahesabu sekunde moja iliyokatwa vipande bilioni,
na hata kipande kimoja haijakimaliza.

Mita ya stima inalia ukutani.
Yuniti sifuri nukta tatu.
Betri ya hii mashine ilikufa tangu Pasaka.

Ndipo mchoro ukafunguka:
ukuta wa joto, mwinuko kama nilivyoutarajia,
na mbele ya ukuta,
pale sheria inaposema hakuna mtu,
unyayo mwembamba,
umetangulia.

Giza.

"Umemaliza stima," Kwamboka anasema kutoka kitandani.
"Nimemaliza."
"Na hilo jua lako?"
"Limeshaingia. Halikubisha."
Anavuta blanketi, ananung'unika kitu kuhusu kodi.
Mimi natafuta simu gizani,
nanunua tokeni ya hamsini.
Ujumbe unasema nisubiri.